Mtoto aliye mchache mara mbili: maswali ninayoulizwa mara kwa mara Pemba kuhusu afya na tabia za vijana

Ni mwaka wa 14 huu niko kwenye kazi ya ushauri nasaha katika skuli moja ya sekondari hapa Pemba. Maswali yaliyomo humu nimeulizwa mara nyingi: kwenye mikutano ya wazazi, barazani, ndani ya gari ya Chake kwenda Wete, na mengine usiku kwa simu, mtu akianza na "Mwalimu, si mimi, ni jirani yangu." Nimeyajibu kama ninavyoyajibu nikiwa nimekaa na mtu uso kwa uso. Habari za watoto nimezibadilisha kidogo ili asijulikane mtoto wa mtu.

Unaposema mtoto ni "mchache mara mbili", unakusudia nini?

Kila jamii ina walio wengi na walio wachache. Hapa kwetu wanaosikia ni wengi, viziwi ni wachache. Waislamu ni wengi, Wakristo ni wachache. Kuna waliozaliwa ndani ya ndoa na waliozaliwa nje, wenye vyeti vya kuzaliwa na wasio navyo. Mtoto anaweza kuwa mchache kwa jambo moja na akaishi vyema tu, akapendwa na mtaa mzima. Ninaowazungumzia ni wale ambao mambo mawili au matatu yamekutana kwao: msichana kiziwi ambaye pia ni yatima, mvulana mwenye ualbino anayetoka nyumba ya wavuvi masikini, mtoto wa mhamiaji kutoka Bara ambaye ni Mkristo na hana cheti cha kuzaliwa.

Mambo hayo hayakai mbalimbali kama vitu ndani ya kapu. Yakikutana huzaa hali mpya. Msichana kiziwi hapati shida za usichana asubuhi na shida za uziwi jioni. Semina ya wasichana kuhusu hedhi inaendeshwa kwa mdomo, haimfikii. Mkutano wa watu wenye ulemavu ukitangazwa kwenye shehia, anayekwenda ni baba yake, akamsemee. Kila mlango unamfungukia nusu, na hakuna mlango anaoingia akiwa mzima.

Wazo hili limetoka wapi?

Aliyelipa nguvu, na jina lake la Kiingereza, intersectionality, ni Kimberlé Crenshaw, mwanasheria mweusi wa Marekani, katika makala aliyoiandika mwaka 1989. Alieleza kesi ya wanawake watano weusi walioishitaki kampuni ya magari ya General Motors. Kiwanda chao hakikuwa kimeajiri wanawake weusi kabla ya mwaka 1964, kwa hiyo kampuni ilipopunguza watu kwa kuanzia na walioingia mwisho, walioondoka ni wao. Mwaka 1976 mahakama ilisema kampuni inaajiri wanawake, basi hakuna ubaguzi wa jinsia. Hao wanawake walikuwa weupe, wa kazi za ofisini. Kwa upande wa rangi ikawaelekeza wajiunge na kesi nyingine ya watu weusi. Kuwasikiliza kama wanawake weusi, yaani kama walivyo, ilikataa. Crenshaw akatoa mfano wa njia panda: aliyesimama katikati hugongwa na gari za pande zote.

Watafiti wa afya walilichukua wazo hilo baadaye. Mimi lilinigusa kwa sababu niliyaona mambo yake hapa hapa kabla sijalijua jina lake.

Tabia hatarishi ni zipi, na kijana ni wa umri gani?

Shirika la Afya Duniani linamhesabu kijana balehe kuwa mwenye miaka 10 hadi 19. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inamwita mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Tabia hatarishi ni kama kuvuta sigara, shisha na bangi, kutumia unga na vidonge vya kulevya, ulevi, kujamiiana mapema na bila kinga, kupigana, kukimbia skuli, kujiumiza, kuacha kula, kuendesha bodaboda kwa mwendo wa kufa. Zipo za kimya pia, na hizi huwa naziogopa zaidi: kutotoka ndani, kulala mchana kutwa, kuacha dawa za hospitali.

Kwa hiyo ni ule uchache wenyewe unaomtia mtoto hatarini?

Hapana, na hili hulirudia kila mkutano. Mchukue kijana wa Kojani, kisiwa kidogo kando ya Pemba. Akiwa kwao, yeye ndiye mtu wa kawaida. Hakuna anayeicheka lafudhi yake. Lakini Wakojani ni wavuvi wa kwenda dago, yaani kupiga kambi za uvuvi mbali na kwao, na kwa miaka mingi familia za Kipemba zimehamia pwani ya Kenya, Kwale na Kilifi. Kule, Mpemba yule yule aliishi bila kitambulisho, kwa sababu Kenya ilikuja kuwatambua rasmi Wapemba kuwa miongoni mwa makabila yake mwaka 2023. Kijana aliyezaliwa kule kabla ya hapo alitimiza miaka 18 akiwa hana karatasi ya kumuonesha polisi wala ya kuombea leseni ya uvuvi. Ukimkuta kijana huyo ana hasira, hapati usingizi, na ameanza kuvuta, utasema Upemba ndio uliomharibu?

Mwili haubadiliki kwa kuvuka mkondo wa Pemba. Kinachobadilika ni namna mtu anavyopokewa. Kwa hiyo mtu akiniambia "watoto wa aina ile ndivyo walivyo", humuuliza: wako hivyo wapi, mbele ya nani?

Basi mwenye mambo matatu ana hatari mara tatu?

Si hesabu ya kujumlisha. Marekani kwa miaka mingi vijana weusi wamekuwa wakivuta sigara kidogo kuliko vijana weupe, ingawa wanabaguliwa zaidi. Wakati mwengine kundi linalodharauliwa nje lina nguvu yake ndani: bibi mkali, nyumba ya ibada, ndugu wanaojuana. Na wakati mwengine mambo mawili yakikutana hatari hugeuka sura, haiongezeki tu.

Nitakupa mfano niliouona kwa macho. Siku moja nilikaa nyuma ya darasa la kidato cha pili. Mwalimu alikuwa anaandika ubaoni, na mvulana mmoja mwenye ualbino amelivuta daftari la mwenzake karibu na lake, pua inakaribia kugusa karatasi, ananakili kutoka kule. Mwenzake alipofungua ukurasa mpya, na yeye aliacha katikati ya sentensi. Macho yake yalikuwa yanacheza, kama ilivyo kwa wengi wenye ualbino, maana ukosefu wa rangi ya mwili hugusa macho pamoja na ngozi, na miwani hairekebishi yote. Kwenye ripoti yake ya muhula mtu alikuwa ameandika "mvivu wa kuandika". Midomo ilikuwa imepasuka, na juu ya pua pana kigaga ambacho mwenyewe alisema kipo tangu Ramadhani.

Jumamosi na Jumapili alikuwa akienda baharini na ami yake, kichwa wazi, fulana ya mikono mifupi. Nilipomuuliza kofia, alicheka akaangalia chini. Mvulana wa kijijini kwao akivaa kofia pana na mikono mirefu baharini huambiwa anajiremba.

Ana dada, baba mmoja mama mmoja, naye ana ualbino. Dada ngozi yake ilikuwa safi, haina kidonda hata kimoja, kwa sababu mtandio na nguo ndefu zimemkinga na jua tangu utotoni. Lakini dada aliachishwa skuli darasa la sita. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Walisema tu, haoni vizuri, na nani atamuoa, akae amsaidie mama. Nilipokwenda kwao alikuwa uani anachambua mchele kwa kupapasa, na hakuniuliza chochote isipokuwa kama skuli bado wanaimba asubuhi.

Ualbino ni mmoja. Uvulana ulimpeleka kaka kwenye jua, na huko kuna saratani ya ngozi. Usichana ulimpeleka dada kwenye kivuli, na huko kuna upweke. Ukitengeneza mpango wa "watoto wenye ualbino" wa kugawa mafuta ya kujikinga na jua, umemsaidia mmoja nusu na mwengine humkufikia.

Mvulana tulimsogeza benchi la mbele, mwalimu akakubali kusoma kwa sauti anachokiandika, na fundi akamshonea kofia ya kitambaa cha sare. Kile kigaga tulikipeleka hospitali. Kidonda cha mwenye ualbino kisichopona kwa mwezi hakisubiri mwezi wa pili.

Haya mambo yamepimwa, au ni maoni tu?

Yamepimwa. Marekani tangu mwaka 1991 huwauliza wanafunzi wa sekondari, kila baada ya miaka miwili, kuhusu sigara, ulevi, mapigano, mapenzi na huzuni. Mwaka 2021, wasichana 57 katika kila 100 walisema walikuwa na huzuni au kukata tamaa kwa wiki mbili au zaidi mfululizo, kiasi cha kuacha shughuli zao za kawaida. Wavulana walikuwa 29. Kuhusu ulemavu, uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali uliotolewa mwaka 2012 ulionesha watoto wenye ulemavu wanafanyiwa ukatili karibu mara nne ya wenzao.

Na sisi tumepimwa. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto wa mwaka 2009 uliihesabu Zanzibar peke yake. Waliosema walidhalilishwa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18 walikuwa asilimia 6 ya wanawake na asilimia 9 ya wanaume. Isome tena namba hiyo. Sisi tumezoea kumchunga binti na kumuacha mvulana azurure mpaka usiku.

Hata hivyo hesabu ina kasoro yake, na inawaumiza hasa watoto ninaowaandikia. Chukulia skuli ina wanafunzi 800. Viziwi ni 6, na kati yao wasichana ni 2. Ripoti itakuwa na mstari wa wasichana na mstari wa wenye ulemavu. Kwenye mstari wa kwanza wale wawili wamezama kati ya mia nne. Kwenye wa pili wamezama kati ya wavulana. Hakuna mstari wao. Afisa anayesoma ripoti ataapa kwamba tatizo halipo. Ndiyo maana nawaambia walimu wenzangu: mtoto asiyetosha kuwa asilimia, muandikeni kwa jina katika daftari la kufungiwa kabatini.

Mwanangu alikuwa mpole, sasa anashinda maskani na nasikia harufu ya bangi. Watu wanasema ni marafiki wabaya. Ni kweli?

Marafiki wamo, lakini jiulize kwanza maskani inampa nini.

Mama mmoja aliniletea swali hili kuhusu kijana wake wa miaka 16. Mtoto huyo alizaliwa nje ya ndoa na akalelewa kwa bibi, na huwa anashikwa na kigugumizi. Skuli akisimama kusoma darasa linacheka. Chuoni, yaani madrasa, akitajwa jina la baba, kunapita kimya. Nyumbani kwa baba, sikukuu, anapewa sahani mlangoni. Maskani hakuna anayemtaka asome kwa sauti, na hakuna anayeuliza yeye ni wa nani. Kuna kete, kuna redio, kuna msokoto unaozunguka. Gharama ya kukaa pale ni kuupokea msokoto ukifika kwake. Ungekuwa wewe, na una miaka 16, ungeupitisha bila kuvuta?

Mtu anayengoja dharau kila siku, mwili wake haupumziki. Moyo unadunda, usingizi unakuwa mwepesi, tumbo linauma bila ugonjwa. Wataalamu huuita mfadhaiko wa walio wachache, na sehemu kubwa yake si tusi lenyewe bali ni kulingoja. Mwenye mambo mawili analingoja kutoka pande mbili, tena anaficha mawili. Bangi au kidonge kinamkatia ule wasiwasi kwa saa chache. Na ubongo wa kijana bado unajengwa. Sehemu inayopima matokeo hukomaa mtu akiwa ameshapita miaka 20. Inakadiriwa kwamba theluthi hadi nusu ya maradhi ya akili yanayowapata watu maishani huanza kabla ya miaka 14, wengi wao bila kuonekana na mtu.

Tena visiwa vyetu viko kwenye njia ya unga. Heroini imekuwapo mitaani Zanzibar tangu miaka ya 1980, na anayeuza anamjua vyema kijana mwenye hamu ya kukubaliwa. Mama yule nilimwambia asianze na bangi. Aanze na ile sahani ya mlangoni.

Binti yangu ni kiziwi na amevunja ungo. Si bora akae ndani, asije akadhalilishwa?

Naelewa khofu hiyo, ni khofu ya mapenzi. Lakini wanaowadhalilisha watoto wenye ulemavu mara nyingi ni watu wanaoingia ndani ya nyumba, na mtoto aliyefungiwa hana shahidi.

Niliwahi kumsindikiza msichana kiziwi wa miaka 15 kwenye hospitali moja, sitaitaja. Alikuwa anaumwa chini ya kitovu. Muuguzi aliyekuwapo hakujua lugha ya alama hata moja, akamgeukia kaka wa msichana aliyekuja naye. "Muulize kama ameshakutana na mwanamme." Kaka akasimama. Msichana akamuangalia kaka, kisha akaniangalia mimi, kisha akaangalia sakafu. Kaka akajibu mwenyewe: "Hapana." Ikaandikwa hapana.

Katika chumba kile hakukuwa na mtu mbaya. Muuguzi alikuwa amechoka, ana foleni mpaka nje. Kaka alikuwa anailinda heshima ya nyumba. Na yule msichana alikuwa mtu pekee aliyejua jibu, na hakuulizwa. Nilimuomba muuguzi tubaki wanawake watupu, nikachukua karatasi nikachora. Kuchora kulichukua dakika ishirini. Alikuwa na jambo la kusema.

Kwa hiyo badala ya kumfungia: mpeleke akajifunze lugha ya alama na wenzake, na wewe jifunze. Hakikisha ana alama ya kila kiungo cha mwili, pamoja na vile ambavyo sisi hatuvitaji. Mtoto asiye na neno la mahali alipoguswa hawezi kukwambia ameguswa. Na awe na mtu mwanamke, nje ya ndugu, anayeweza kuzungumza naye.

Binti anatoka damu kwenye mkojo na ana maumivu. Mtaa unasema "ameshaharibika". Nifanye nini?

Mpeleke akapimwe kichocho. Unguja na Pemba kichocho cha mkojo ni ugonjwa wetu wa zamani, unaopatikana kwenye mito na mabwawa yenye konokono. Kwa msichana, mayai ya mdudu huyu yanaweza kukaa kwenye njia ya uzazi, yakaleta vidonda, uchafu na damu, dalili zinazofanana na maradhi ya zinaa. Msichana masikini, anayefua mtoni kwa sababu nyumbani hakuna mfereji, ndiye anayeugua, na ndiye anayevunjiwa jina. Dawa yake, prazikwanteli, ipo na ni rahisi kupatikana. Jina likishavunjika halina dawa, na msichana anayeambiwa kila siku kwamba ameshaharibika, mara nyingine huacha kujilinda.

Kijana wangu ana selimundu, ana miaka 15 lakini umbo ni la miaka 11. Kwa nini anapenda hatari hivi?

Kwa sababu ana miaka 15. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, huchelewesha kukua na kubalehe, na wenzake wanamchukulia mtoto mdogo. Kuruka kutoka gatini, kucheza mpira juani mpaka aanguke, kuvumilia kiu bila kunywa maji kwa ajili ya kuonesha ubavu, yote ni kudai umri wake. Kukosa maji na uchovu humletea maumivu makali, hilo mwambie bila kumficha. Kisha mpe kazi ya mkubwa nyumbani, ya kweli, si ya kumridhisha.

Mvulana wangu ana sauti laini na mwendo wake wenzake wanaucheka. Nimpige aache?

Usimpige. Sauti na mwendo havikwambii mtoto atakuwa mtu gani. Ila kipigo kinamwambia jambo moja wazi: kwamba hata nyumbani hana pa kwenda. Kumbuka ile asilimia 9 ya wanaume. Mdhalilishaji anamtafuta mvulana anayejua kwamba akisema atalaumiwa yeye, na mvulana anayeitwa majina kila siku ameshafundishwa hivyo na sisi wenyewe.

Kuna wazazi wanaoniuliza zaidi ya hapo, kwa sauti ya chini: na ikiwa ni kweli mwanangu anavutiwa na wa jinsia yake? Najua sheria yetu inasemaje na tumelelewa katika mafundisho gani, na wengi wangetaka hata nisiliandike swali hili. Nimeliandika kwa sababu nimeshakaa na watoto waliotaka kufa. Utafiti mmoja wa Marekani uliotoka mwaka 2009 ulikuta kwamba vijana wa namna hiyo waliokataliwa vikali na wazazi wao walikuwa wamejaribu kujiua zaidi ya mara 8 ya wenzao ambao wazazi hawakuwakataa, au waliwakataa kidogo tu. Kama huna la kusema, mwambie "wewe ni mwanangu", kisha mpakulie chakula akae nanyi. Kumfukuza ni kumkabidhi barabarani, na barabarani anapokewa na watu usiowataka.

Watoto wa wageni kutoka Bara wana nafasi gani katika haya?

Nafasi kubwa, hasa Unguja kwenye mahoteli na mashamba ya watu, lakini hapa Pemba pia wapo. Baba ni fundi au mlinzi, mama anauza chakula, wanahama kila kazi inapokwisha. Mtoto anaitwa chogo, jina la dharau kwa watu wa Bara. Wengine hawana cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo kuandikishwa skuli kunaanza kwa kubembeleza. Msichana wa nyumba hiyo akishika mimba, majirani husema "ndio zao", wakati binti wa hapa hapa akishika mimba hukaa mashangazi kutafuta suluhu. Zanzibar inamruhusu msichana aliyejifungua kurudi skuli, na tulitangulia Bara katika hilo, maana wao waliruhusu Novemba 2021. Sasa hesabu wanaorudi kwenye skuli yako. Wanaorudi ni wenye bibi wa kuwashikia mtoto. Mtoto wa wageni, bibi yake yuko Mtwara.

Maalim mmoja wa chuo aliniuliza: "Si tunawafundisha dini? Haitoshi?"

Chuo kina nguvu kuliko semina yoyote, na mimi nimelelewa na chuo. Nikamuuliza Maalim: watoto wako wanahifadhi Sura ya Abasa? Akasema wote, imo katika Juzuu Amma. Wanajua imeshuka kwa ajili ya nani? Alinyamaza kidogo, kisha akatabasamu, maana anaijua kuliko mimi. Ilishuka kwa ajili ya Abdallah bin Ummi Maktum, kipofu, asiye na cheo, aliyekuja kuuliza wakati wakubwa wa Makureshi wamekaa barazani. Mtume akakunja uso, na Mwenyezi Mungu akamzindua. Kipofu yule baadaye akawa muadhini.

Maalim aliisimulia Ijumaa ile ile, na alimkalisha mbele mtoto wake mmoja asiyeona vizuri, aliyekuwa akikaa nyuma karibu na viatu. Hakuhitaji kitabu kingine.

Mzazi nifanye nini hasa?

Mwaka 1997 ulitolewa utafiti wa Marekani uliowahoji vijana zaidi ya 12,000. Walitafuta kinachomkinga kijana na huzuni, ulevi, ukatili na kujamiiana mapema. Mawili yalijitokeza tena na tena: kijana kuhisi wazazi wake wako karibu naye, na kuhisi skuli inamjali.

Kwa hiyo kuleni naye. Muulize "leo nani kakusemesha?" badala ya "umesoma?" Ami au shangazi mwenye kumwita zeruzeru, bubu au mwanaharamu, mkataze mbele ya mtoto, si pembeni, maana tusi lilisemwa mbele yake. Shughulikia cheti cha kuzaliwa kabla ya mtihani. Ukimpeleka hospitali, ingia naye, kisha jitolee mwenyewe kutoka nje kidogo azungumze na daktari. Wazazi wengi hilo linawauma. Fanya hivyo hivyo.

Wapi pa kwenda jambo likishatokea?

Simu ya kumsaidia mtoto ni 116, haina malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Akidhalilishwa, mpeleke Kituo cha Mkono kwa Mkono. Cha kwanza kilifunguliwa Hospitali ya Mnazi Mmoja mwaka 2011, na Pemba kipo Chake Chake. Polisi, daktari na mshauri unawakuta pahali pamoja. Asioge kabla ya kuonwa, nguo zisifuliwe. Dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi inafaa ikianzwa ndani ya saa 72, na ikianzwa mapema zaidi ni bora zaidi. Usimalizane na familia ya mtuhumiwa kwanza. Nimeona saa hizo 72 zikiishia kwenye jamvi la masikilizano.

Kwa aliyezama kwenye unga, huduma ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuachana na heroini, ilianza Unguja mwaka 2015, Hospitali ya Kidongo Chekundu. Kwa mtu wa Pemba ni safari ya bahari, nayo ni gharama, kwa hiyo asiende peke yake.

Mimi mwenyewe ndiye mtoto huyo. Nianze kwa nani?

Anza kwa mtu mzima mmoja ambaye umewahi kumuona akimtetea mtoto mwengine. Si lazima awe ndugu, wala si lazima umwambie yote. Mwambie kipande kidogo uone anakishikaje. Akikicheka, tatizo ni lake, nenda kwa wa pili. Kama kusema kunakushinda, au huna sauti, andika. Mimi karatasi hizo hupitishiwa chini ya mlango wa ofisi. Moja ilikuwa na maneno manne tu, kwa kalamu ya risasi: "Mwalimu, nina jambo langu." Haikuwa na jina, lakini niliujua mwandiko, na saa ya mapumziko nilikwenda nikakaa naye chini ya mwembe, nikangoja.